Alfajiri Mlimani, Usiku Mitaani: Majira ya Joto Fukuoka

Kila tarehe 15 Julai, saa kumi na moja kasoro dakika moja alfajiri, ngoma hulia katika hekalu la Kushida, upande wa Hakata wa mji wa Fukuoka, Japani. Papo hapo wanaume waliopiga ubinda hulinyanyua jukwaa lenye uzito wa tani moja hivi, hulitia mabegani na kutimua mbio. Mbona wasingoje dakika ile moja ili itimie saa kumi na moja kamili? Jibu ni suala la itifaki. Kundi linalotangulia lina heshima ambayo mengine hayana: likishaingia uani mwa hekalu, husimama na kuimba wimbo wa kheri wa Hakata, ndipo litoke mbio. Kuimba huko hula dakika moja, na dakika hiyo imetengewa nafasi yake ili wanaofuata wasicheleweshwe.

Anayetaka kuyaona haya hana budi kukesha. Kufikia saa nane za usiku hapakuwa na pa kuweka mguu karibu na hekalu. Wazee walikuwa wamekalia viti vya kukunja, watoto wamesinzia mabegani kwa baba zao, na wenye nyumba wameshapanga ndoo na mapipa ya maji kando ya barabara. Jukwaa linapopita, maji hayo huchotwa na kumwagiwa wakimbiaji ili kuipoza miili yao. Sisi tuliokuwa mstari wa mbele tukaloa pamoja nao. Kelele ni moja tu, "Oisa! Oisa!", nayo hutangulia kusikika kabla ya jukwaa lenyewe kutokeza kwenye kona.

Jukwaa hilo huitwa yamakasa. Halina magurudumu wala usukani. Lina miti sita mirefu iliyopitishwa chini yake, na watu zaidi ya 20 huibeba kwa wakati mmoja. Juu yake wameketi wanaume wachache, mbele na nyuma, wakiwaongoza wenzao kwa vijiti vyekundu. Kwa kuwa hakuna bega linaloweza kustahimili uzito ule kwa njia nzima ya kilomita tano hivi, mamia ya wengine hukimbia mbele na nyuma wakingoja zamu. Aliyechoka huchomoka pembeni, mwingine hujipenyeza chini ya mti, na jukwaa halisimami. Safari nzima huchukua kama nusu saa. Kila kundi hupimwa muda wake, na wazee wenye saa mkononi husimama barabarani kuhakiki.

Asili ya yote haya ni ugonjwa. Masimulizi ya mjini yanasema kwamba mwaka 1241 maradhi ya kuambukiza yaliishambulia Hakata. Mtawa wa Kibudha, Enni, anayekumbukwa zaidi kwa cheo cha Shoichi Kokushi, mwanzilishi wa hekalu la Jotenji, alipanda juu ya ubao wa kuwekea sadaka, wenyeji wakambeba kutoka mtaa hadi mtaa huku akinyunyiza maji aliyoyaombea. Sherehe za jamii hii, ambazo huko Kyoto zilianza mwaka 869, zilikuwa dawa ya msimu. Katika Japani ya zamani, mvua za Juni na joto la Julai ndizo zilizoleta magonjwa, kwa hiyo ndio wakati watu walipotoka nje kuomba dua kwa sauti.

Mbio zilikuja baadaye, tena kwa ugomvi. Mwaka 1687, yasimuliwa, watu wa kundi la Doi walikuwa wametua mzigo ili wale chakula cha mchana, ndipo kundi la Ishido likawapita. Doi wakaacha chakula chao na kuwafukuzia. Tangu hapo kutembea kukageuka kukimbia.

Makundi yenyewe ni ya kitambo. Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyeiunganisha Japani, aliijenga upya Hakata iliyoharibiwa na vita mwaka 1587 na kuigawa katika sehemu saba ziitwazo nagare. Mgawanyo huo ungali unafanya kazi katika sherehe hii, ingawa mipaka na majina yamebadilika: leo kuna Higashi, Nakasu, Nishi, Chiyo, Ebisu, Doi na Daikoku. Mtoto wa kiume huanza kukimbia akiwa bado anashikwa mkono. Akikua hupanda ngazi, na cheo chake husomeka kwenye rangi na mchoro wa kitambaa cha kichwani. Kuna daktari na mwuza samaki wa mtaa mmoja ambao kwa miezi kumi na moja daktari ndiye huinamiwa. Ikiingia Julai, mwuza samaki mwenye kitambaa cha juu zaidi humtuma daktari akalete vinywaji. Wanawake hawabebi jukwaa. Wasichana wadogo hukimbia, kisha wakishakua hubaki na kazi za nyuma ya pazia, hasa za chakula, jambo ambalo baadhi ya wakazi wanalijadili waziwazi siku hizi.

Kuna pia mwiko. Kuanzia tarehe mosi Julai hadi siku ya mbio, washiriki hawali matango. Tango likikatwa mduara, sura yake ya ndani hufanana na nembo ya hekalu, na hakuna anayetaka kuitafuna nembo ya mungu wake. Migahawa na jikoni za shule za upande ule wa mji hulizingatia hilo.

Zamani hapakuwa na majukwaa ya aina mbili kama sasa. Lilikuwa moja, refu la mita 15 na zaidi, nalo lilibebwa vilevile. Mwishoni mwa karne ya 19 nyaya za umeme na simu zikatandazwa juu ya barabara, na urefu ule ukawa hauna pa kupita. Ufumbuzi ukawa kutenga: jukwaa fupi la kukimbia nalo, na jukwaa refu la kutazamwa likiwa limesimama pale pale. Hayo marefu huzinduliwa Julai mosi katika pembe mbalimbali za mji, yakiwa yamesheheni sanamu zilizoundwa na mafundi wa vinyago vya Hakata. Upande wa mbele mara nyingi huonyesha mashujaa wa vita vya kale. Upande wa nyuma unaweza kuwa na wahusika wa katuni za televisheni. Mbio zikiisha tarehe 15, karibu yote huvunjwa siku hiyo hiyo. Aliyelala hadi saa tatu asubuhi atakuta mafundi wakiondoa kamba.

UNESCO iliiorodhesha yamakasa mwaka 2016 pamoja na sherehe nyingine 32 za majukwaa kote Japani. Miaka minne baadaye korona ikaifunga: mwaka 2020 na 2021 hakuna aliyekimbia. Sherehe iliyozaliwa na maradhi ikasimamishwa na maradhi, ikarejea 2022.

Ukitaka kuelewa kwa nini mji mzima unakubali kuamka saa tisa usiku, tazama kipimajoto. Fukuoka ni mji wa watu milioni 1.6 hivi katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Kyushu. Busan, Korea Kusini, iko karibu nao kuliko Tokyo. Juni mvua hunyesha kwa majuma. Katikati ya Julai mawingu hufunguka, na joto lenye unyevunyevu hukaa hadi Septemba. Mtu wa Tanga au Mombasa atalitambua joto hilo, ila upepo wa bahari wa alasiri huutafuta bila kuupata. Dazaifu, mji mdogo ulio jirani, uliweka rekodi ya Japani mwaka 2024: siku 40 mfululizo ambapo joto lilifika nyuzi 35 au zaidi. Tangu 2021 serikali hutoa tahadhari ya joto kwa nchi nzima, na siku za tahadhari vipaza sauti vya mtaani huwasihi wazee wasitoke.

Basi mji umejipangia saa zake. Mambo makubwa hufanyika kabla jua halijakaza au baada ya kuzama, na katikati ya mchana hubaki wafanyakazi wa ofisini wenye miavuli ya jua, mashine za kuuza chai ya shayiri yenye barafu, na nyenje. Hao nyenje wa Kyushu hawana soni. Huanza alfajiri, hufikia kilele saa mbili asubuhi, na mazungumzo chini ya mti huwa ni ya kupaaza sauti.

Wapenda matembezi nao hufuata ratiba hiyo hiyo. Wengi huanzia bustani ya Ohori. Bwawa lake lilikuwa hori la bahari lililogeuzwa handaki la ngome wakati Kuroda Nagamasa alipojenga ngome yake kuanzia mwaka 1601. Bustani ilifunguliwa 1929 kwa kufuata mfano wa Ziwa Magharibi la Hangzhou, China, na visiwa vyake vimeunganishwa kwa madaraja ya mawe. Mzunguko mmoja ni kilomita mbili. Saa kumi na moja alfajiri njia imejaa: wanaokimbia, wanaotembeza mbwa, na vikongwe wanaopiga hatua fupi huku mikono ikipepea. Korongo wa kijivu husimama ukingoni, asijali mtu.

Mzee mmoja niliyezoea kusalimiana naye hapo, alipojua natoka Tanzania, alitamka neno moja: "Ikangaa." Uwanja wa Heiwadai uko mwendo mfupi kutoka bwawani, na ndipo ilipokuwa ikianzia marathoni ya Fukuoka ya kila Desemba. Mwaka 1983 Mtanzania Juma Ikangaa alichuana na Mjapani Toshihiko Seko hadi uwanjani na kushindwa kwa sekunde tatu. Mwaka 1986 alirudi akashinda kwa saa 2:10:06. Wakenya walifuata: Samuel Wanjiru, aliyesoma sekondari Sendai, alikimbia marathoni yake ya kwanza hapa mwaka 2007, akashinda kwa saa 2:06:39, na mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing. Mzee yule alizikumbuka mbio za 1983 kona kwa kona, na aliamini kwamba mtu mrefu kidogo angeshinda.

Kutoka bustanini, macho hupanda. Fukuoka imezungukwa na milima mifupi ambayo mwenye miguu ya kawaida huipanda na kushuka kabla ya chakula cha mchana. Wa karibu zaidi na moyo wangu ni Tachibana, mita 367 tu, kaskazini mashariki mwa mji. Njia yake huingia kwenye msitu wa mikarafuu maiti, mamia ya miti mikubwa ambayo serikali imeihifadhi kwa kuwa hapa ndipo karibu mwisho wa kaskazini inakoota yenyewe. Ukifikicha jani moja, harufu huenea mkononi. Chini ya miti hiyo joto hupungua ghafla. Mzizi wa mmojawapo, unaokadiriwa kuishi zaidi ya miaka 300, ni mpana kuliko meza ya kulia watu sita. Kileleni palikuwa na ngome ya ukoo wa Tachibana. Leo kuna mawe machache na watu wanaofungua vyakula vyao huku wakitazama ghuba ya Hakata.

Adabu za njiani ni nyepesi kujifunza. Kila unayekutana naye humsalimia, hata kama mjini mngepitana kimya. Anayepanda hupishwa. Takataka unazirudisha nazo nyumbani, maana mapipa hakuna mlimani, na hata mjini ni ya kutafuta. Ni jambo la faraja kwamba dubu hawapo: wale weusi wa Kyushu walitangazwa na serikali mwaka 2012 kuwa wametoweka. Wapo nguruwe pori, na wapo nyoka wa sumu waitwao mamushi, wanaopenda nyasi zenye unyevu, kwa hiyo suruali ndefu huvaliwa hata kwa nyuzi 33.

Anayetaka jasho la kweli huenda Homan, nyuma ya Dazaifu. Dazaifu ilikuwa makao ya utawala wa Kyushu tangu karne ya 7, na mlima huo ulikuwa mlinzi wake. Una urefu wa mita 829, lakini urefu hauelezi habari yote, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni ngazi za mawe makubwa yasiyolingana. Goti hupanda hadi kifuani. Chini kuna hekalu la Kamado, juu kabisa kuna tawi lake dogo lililokaa kwenye mwamba, na katikati watawa wa milimani walifanya mazoezi yao kwa karne nyingi. Nilipofika nusu ya njia nilipitwa na mama wa umri wa bibi yangu, kibegi mgongoni, kengele ndogo ikilia kiunoni. Alinipa pipi ya chumvi. Wapanda mlima wa Fukuoka hubeba pipi hizo za kurudisha chumvi inayopotea kwa jasho, na kumpa mgeni ni desturi.

Upande wa pili wa mji ni bahari, na bahari yake ina historia ya mikuki. Wamongolia walitua katika ghuba hii mwaka 1274, wakaondoka, na watawala wa Japani wakajua watarudi. Mwaka 1276 ukuta wa mawe ukajengwa kando ya ufuo kwa kilomita 20 hivi. Waliporudi 1281 waliukuta. Leo njia ya kutembea katika msitu wa misonobari wa Iki no Matsubara, magharibi mwa mji, hupita kando ya kipande kilichokarabatiwa cha ukuta huo. Msitu umepandwa mchangani, miti imeinamishwa na upepo, na jioni vijana hukaa juu ya mchanga wakinywa soda mahali ambapo samurai walipanga mishale. Mawe yanayoaminika kuwa nanga za meli za Kimongolia yanaonekana hadi leo uani mwa hekalu la Kushida.

Kutoka kituo cha Meinohama, ambako reli ya chini ya ardhi huishia, si mbali kufika gatini, na kivuko cha dakika kumi humfikisha mtu Nokonoshima, kisiwa kidogo ambacho Julai na Agosti hufunikwa na alizeti upande wa kilimani. Upande mwingine wa ghuba, ulimi mrefu wa mchanga uitwao Umi no Nakamichi ndio uliopokea mashindano ya dunia ya mbio za nyika mwaka 2006. Mwisho wa ulimi huo kuna Shikanoshima, ambako mwaka 1784 ulipatikana shambani muhuri wa dhahabu ambao mfalme wa China alimpa mtawala wa eneo hili mwaka 57. Una upana wa sentimita mbili na kitu. Jumba la makumbusho la mji limeuweka chumba chenye giza, chini ya taa moja, na watu hupanga foleni kuutazama.

Treni ile ile ya Meinohama huendelea hadi Itoshima, na huko ndiko wakazi wa mji hukimbilia wikendi. Watu wa kamera huenda Futamigaura, ambako miamba miwili iliyosimama baharini imefungwa pamoja kwa kamba ya majani ya mpunga yenye urefu wa mita 30 na uzito wa tani moja. Karibu na siku ndefu zaidi ya mwaka, mwezi Juni, jua huzama katikati ya miamba hiyo. Wenye watoto huenda maporomoko ya Shiraito, mita 24, juu milimani, ambako maji baridi huelekezwa kwenye mianzi iliyopasuliwa katikati. Mhudumu hutupa tambi nyembamba juu, nazo huteremka na maji; mlaji huzidaka kwa vijiti. Zinazompita humfikia jirani. Mtoto wa miaka mitano aliyekuwa chini yangu alishiba vizuri siku hiyo.

Agosti huja na wafu. Katikati ya mwezi huo ni Bon, siku ambazo roho za mababu huaminika kurudi nyumbani. Ofisi hupungua watu, treni hujaa wanaokwenda kwao, makaburi huoshwa na kuwekewa maua. Usiku, kwenye viwanja vya shule na bustani za mitaa, hujengwa jukwaa la mbao lenye ngoma juu yake, taa za karatasi hutundikwa, na watu hucheza wakilizunguka. Hakuna kiingilio wala mazoezi. Anayeingia kwenye duara humwangalia wa mbele yake.

Wimbo mmoja wa duara hilo unachezwa kote Japani, hata na watu wasiojua ulikotoka, nao ulitoka hapa mkoani. Ni Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa ya mawe wa Tagawa, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Fukuoka. Mwendo wa mikono ni kazi yenyewe: unachimba, unachimba tena, unatupa mzigo begani, unaweka kiganja juu ya macho kutazama, unasukuma kigari. Migodi ya Chikuho, eneo ilipo Tagawa, ililisha viwanda vya Japani kwa miongo mingi kabla ya kufungwa. Mchimbaji mmoja, Yamamoto Sakubei, alipozeeka alichora mamia ya picha za maisha ya chini ya ardhi: wanaume na wanawake nusu uchi katika vichochoro vya makaa, mlipuko, mgomo, deni la duka la kampuni. Mwaka 2011 michoro hiyo ikawa ya kwanza kutoka Japani kuingia katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwenye uwanja wa shule, mtoto aliyevaa yukata, vazi la majira ya joto, lenye samaki wekundu husukuma kigari ambacho babu wa mtu fulani alikisukuma kweli.

Baada ya ngoma watu huwa na njaa. Fukuoka ina vibanda vya chakula vya barabarani, yatai, ambavyo sehemu nyingi za Japani zilivifuta. Viko kama mia moja, na tangu 2013 vina sheria yake ndogo ya mji inayosema wapi visimame, viwe na ukubwa gani, vilipe nini. Hufika jua likizama, vikivutwa au kusukumwa, na kufunguliwa kama sanduku. Wateja wanane au kumi hubanana kwenye benchi moja, na haiwezekani kukaa hapo bila kuulizwa unatoka wapi. Chakula chenye jina ni tambi za mchuzi mzito wa mifupa ya nguruwe. Mwislamu atachagua samaki wa kuchoma, au atapanda treni hadi Hakozaki kutafuta chakula cha halali karibu na msikiti uliofunguliwa mwaka 2009.

Hakozaki hiyo hiyo ndiyo inayoyafunga majira. Hekalu lake, lililoanzishwa karne ya 10, lina ufuo ambao mnamo tarehe 9 Julai makundi ya yamakasa huukimbilia jioni kuchota mchanga wa kujitakasia kabla ya mbio. Kisha tarehe 12 hadi 18 Septemba lenyewe hufanya Hojoya, sherehe yenye umri wa zaidi ya miaka elfu, iliyokusudiwa kushukuru kwa viumbe vilivyouawa ili watu wale. Ndege na samaki huachiwa huru. Nje ya ua, mamia ya vibanda hujipanga kuelekea baharini, vikiuza pweza aliyefungwa kwenye unga, nyama za mshikaki, barafu ya rangi, na mchezo wa kudaka samaki wadogo kwa karatasi inayolowa upesi. Kuna nyumba ya mizimu ambamo vijana huingia wakicheka na kutoka wameshikana mikono. Kuna chanpon, chupa za kioo chembamba zenye mchoro ambazo ukipuliza kitako chake hubonyea na kulia.

Na kuna tangawizi changa, inayouzwa ikiwa bado na majani yake ya kijani, mafungu kwa mafungu, na wauzaji wanaopiga kelele kushindana. Nilinunua fungu moja nikapanda nalo treni, majani yakiwagusa abiria masikioni. Mama aliyeketi kando yangu alilitazama, akaliinua, akalinusa, kisha bila kuulizwa akaanza kunifundisha: liparwe kwa kijiko, likatwe vipande vyembamba kabisa, lichovywe kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, liingizwe kwenye siki na sukari. Alishuka kituo chake kabla hajafika kwenye habari ya chumvi, akanionyesha kiasi chake kwa vidole kupitia dirisha treni ikiondoka.